Mradi Uso: kopo la wifi, mwavuli wa bluu na daftari la hesabu

Januari 7

Naanza kuandika leo maana nimechoka kujidanganya. Mwaka wa tatu huu nina madoa usoni, mashavu yote mawili na kidogo juu ya mdomo kama sharubu za mvulana wa form two, na kila krimu ninayonunua naisifia wiki mbili, ya tatu nasema hii nayo bure tu. Sijui kipi kilinisaidia kipi kiliniharibu kwa sababu sijawahi kuandika kitu. Mi ni wakala wa pesa za simu Tandika, naandika kila muamala hadi wa elfu moja, ila uso wangu mwenyewe sina hata risiti. So huu ni mradi, unaitwa Mradi Uso, na sheria ni tatu. Picha kila Jumapili saa kumi jioni mlangoni. Naandika nilichopaka. Siongezi kitu kipya mpaka cha zamani kimalize wiki nane, maana ngozi ya juu inachukua kama mwezi kujibadilisha, ukipima siku ya nne unapima hamu yako.

Nimemwaga kapu lote kitandani leo. Sabuni ya papai vipande viwili. Seramu ya vitamini C ambayo imegeuka rangi ya chai ya rangi kabisa (nimeambiwa ikifika hapo imekufa). Limao nusu, msinicheke. Mafuta ya mgando. Na kopo jeupe halina lebo hata moja, la wifi yangu mwenye saluni, elfu kumi na tano.

Nimeamua jaribio la kwanza liwe hilo kopo. Peke yake, asubuhi na usiku, wiki nane.

Januari 14

Picha peke yake hazitoshi, mwanga wa mlangoni unabadilika, wiki iliyopita mawingu leo jua kali. Nimebuni kipimo. Nimekata nailoni angavu ya kufunikia madaftari ya watoto, nikailaza shavuni mbele ya kioo, nikachora ukingo wa doa kwa wanja wa penseli, afu nikaiweka juu ya daftari la hesabu la mwanangu, lile la vibox, nikahesabu vibox vilivyomo ndani ya mstari. Kushoto 46, kulia 43. Boksi lililokatwa katikati nalihesabu nusu.

Baba watoto kaingia kanikuta nimejibandika nailoni usoni, akatoka bila kuuliza.

Januari 28

Wiki ya tatu ya kopo na uso UNANG'AA. Yaani hadi wateja wanasema dada leo umetakata. Picha ya leo ukiweka na ya tarehe 7 ni watu wawili. Vibox kushoto 44, kulia 43, hapo ndo sielewi, mbona picha zinasema kubwa na daftari linasema dogo.

Nilimuuliza wifi jana, wifi yangu hii krimu imetengenezwa na nini? Akasema "Wifi we paka, wangapi wametoka kwenye kiti hiki wanawaka?" Nikamwambia sawa ila ndani kuna nini. Akasema ndani kuna riziki yangu. Tukacheka yakaisha.

Februari 4

Aibu ya mradi. Mtoto wa dada alikuja kuazima simu akaniambia mamdogo kamera yako umeiwekea urembo. Urembo gani? Kumbe kuna kitufe simu inalainisha uso yenyewe, na mi nilipohama simu katikati ya Januari hicho kitu kilikuwa kimeshawashwa. Picha tatu nzima ni za simu kunipamba! Nimezima nikapiga upya hapohapo, na madoa yapo palepale yametulia kama wapangaji wenye mkataba. Uso unang'aa kweli, hiyo siyo simu, ngozi imekuwa nyembamba na laini, ila doa lenyewe halijaenda popote. Daftari lilikuwa sahihi.

Nimezitupa picha zote tatu kwenye hesabu. Kuanzia leo kamera ya nyuma, urembo umezimwa, na mtu mwingine anashika simu.

Februari 19

Tulienda Tanga kwenye msiba wa baba mkubwa nikasahau kopo nyumbani. Siku ya pili uso ulianza kuwasha. Ya tatu ukawa mwekundu, kwa rangi yangu hii mtu kuwa mwekundu mpaka aone kila mtu ujue kuna jambo, unachoma kama nimepakwa pilipili, na vipele vidogo vidogo kidevuni. Shangazi akanivuta pembeni uani akaniuliza mwanangu unajichubua? Nikasema hapana shangazi ni vumbi la safari. Akaniangalia tu. Akaniletea maji ya baridi na kitambaa, hakuongeza neno, na hiyo ndo iliniuma kuliko angenisema.

Nimerudi Dar usiku, nimepaka kopo, asubuhi uso umetulia. Kimya kabisa. Hapo ndo nikaogopa. Kitu kinachokuunguza ukikiacha na kukupoza ukirudi, tuna jina lake mtaani na siyo dawa.

Machi 6

Nimeenda kwa daktari wa ngozi. Kumuona tu elfu thelathini, na nilikaa foleni tangu saa mbili mpaka saa sita. Nimebeba kopo, daftari na nailoni zangu, watu pale benchi wanadhani natafuta kazi ya ramani.

Dokta ni mama mtu mzima. Shikamoo dokta, marahaba mwanangu, haya nini shida. Nikamweleza kwa kujiamini, madoa ya mimba ya mtoto wa pili, yalianza mwezi wa tano wa ujauzito hayajaondoka. Akasema weka mikono mezani. Nikaweka. Vidole vyangu ni vyeupe kiasi, ila maungio yote yana sugu nyeusi tii. Akaviangalia, akaniangalia, akaniuliza taratibu, "Na hivi vidole navyo vilibeba mimba?"

Basi nikasema ukweli ambao hata humu nilikuwa sijauandika. Kabla ya harusi yangu nilipaka mkorogo miezi minane. Nilitaka ning'ae siku hiyo na niling'aa, picha zipo ukutani. Mimba ya pili ikaleta madoa kweli, ila nikayakimbilia kwa kopo, nikaacha, nikarudi, miaka mitatu naenda narudi.

Akachukua kile kifaa chao kama tochi yenye lenzi akakiegemeza shavuni, akanipiga picha kwa simu yake kupitia hapohapo ili na mi nione. Nitaeleza nilichoona maana sijawahi kukitoa kichwani. Chini kwenye mashavu ni kahawia tu, kama chai imemwagika kwenye shuka, haina mpaka mkali. Lakini juu, kwenye mfupa wa shavu, kuna vidoti vya rangi ya kijivu inayoelekea bluu, vimejaa kama mbegu za mchicha. Kwa macho ya kawaida kwenye kioo mi siku zote niliona doa moja. Ni mawili.

La kahawia ndo melazma. Homoni za mimba au za vidonge vya uzazi wa mpango zinazichokoza zile seli zinazotengeneza rangi ya ngozi, jua linazimalizia, zinatoa hiyo rangi, melanini, kuliko kawaida, na huwa inakuja pande zote mbili kama imepigwa muhuri. La kijivu linaitwa okronosisi, na hilo halikuletwa na mimba wala jua peke yake, limeletwa na haidrokwinoni, dawa ileile ya kung'arisha. Kwanza inazuia ngozi kutengeneza rangi, unapendeza. Ukiipaka miezi na miaka, na jua juu, inaacha uchafu wa kijivu ndani kabisa ya ngozi, ngozi ya chini, ambako krimu haifiki. Mtu anaona weusi unarudi, anadhani dozi imekuwa ndogo, anaongeza. Dokta alisema Afrika Kusini waliligundua hili mwaka 1975 kwa wanawake waliokuwa wanapaka hizi krimu, na 1990 wakaipiga marufuku kabisa kwenye vipodozi. 1975! Mi nilikuwa sijazaliwa, na miaka yote hii baadaye bado nilikuwa najipaka kila usiku kwa bidii nikiombea.

Kopo alilinusa akalifunga. Akasema bila maabara hawezi kujua kilichomo, ila kwa jinsi uso ulivyolipuka nilipoacha inaelekea kuna steroidi kali ndani, dawa za kupoza uvimbe na muwasho, zile za aina ya klobetasoli, ndo zinazofanya uso uwe laini na mwembamba afu udai. Akaniuliza kama nimewahi kutumia sabuni au krimu iliyoandikwa usiguse vito vya dhahabu na fedha. Nimewahi, ya harusini, nilivua pete kila nikipaka nikidhani ni uangalifu tu. Hiyo ni alama ya zebaki. Kwenye lebo wanaandika calomel au mercurous chloride wakijisikia kuwa wakweli. Zebaki inaingia kwenye damu inaenda kwenye figo, na ukinyonyesha inamfikia mtoto. Akaniandikia kipimo cha mkojo kuona kama figo zinavujisha protini. Nilikojoa kwenye kile kikopo huku natetemeka. Majibu safi, alhamdulillah.

Nimetoka na nini? Kuacha kopo. Haidrokotizoni, steroidi hafifu, wiki mbili tu ya kunishusha taratibu. Mafuta ya mgando. Sanskrini, krimu ya kukinga jua. Na maneno haya, nayaandika kama alivyosema: "Miezi mitatu ya kwanza utakuwa mbaya kuliko ulivyokuja, usinikimbie."

Machi 24

Sijamkimbia ila nimemlaani. Uso umevimba, unawasha usiku, chunusi kidevu kizima, na nywele laini shavuni ambazo sikujua zipo. Vibox kushoto 51, kulia 47. Wifi kaniona kasema si nilikwambia ukiacha unaharibika, ona sasa. Nikamwambia wifi, ndo maana yake hiyo.

Hatujagombana. Ila hajanisuka tangu siku hiyo.

Aprili 10

Mvua. Uchomaji umepungua, nalala usiku. Sina cha zaidi.

Aprili 21

Sanskrini. Hapa nina mengi.

Mi nilidhani hivi vitu ni vya wazungu wa Zanzibar, nilivyoambiwa nipake nilicheka. Dokta akaniuliza unajua Moshi pale hospitali ya KCMC wanatengeneza sanskrini? Wanaitengeneza kwa ajili ya watu wenye ualbino, inaitwa Kilisun, wanagawiwa, maana kwao jua ni saratani ya ngozi siyo urembo. Ile siyo ya kwangu, yangu nanunua dukani, lakini niliacha kucheka.

Kiasi chake ndo sikutarajia. Unachora mistari miwili ya krimu juu ya vidole viwili, cha shahada na cha kati, kuanzia shina mpaka ncha, hiyo ndo ya uso na shingo kwa mara MOJA. Na unarudia kila masaa mawili ukiwa nje. Chupa yangu ya mililita 50 ya elfu thelathini na nane haikumaliza wiki tatu, na hapo narudia mara moja tu mchana.

Afu nimepauka. Hizi nyingi zinaacha weupe kwenye ngozi yetu, mteja mmoja kaniuliza dada umetoka kusaga unga? Na kumbe zile zisizo na rangi hazitoshi kwa melazma. Zinazuia miale ya UV, ile ya jua isiyoonekana, sawa, ila kwa watu wa rangi yetu hata mwanga wa kawaida, huu tunaouona kwa macho, hasa upande wa bluu na zambarau, unachochea doa. Kinachouzuia ni oksaidi za chuma, yaani kutu iliyosafishwa, ndo zinazotia rangi ya udongo kwenye fandesheni. Sanskrini za rangi zinazouzwa hapa nyingi ni rangi ya peachi, mi nitafanana na mwanasesere. So nimefanya hivi: sanskrini ya kawaida chini, nasubiri ikauke, juu yake fandesheni ya rangi yangu mwenyewe. Dukani nageuza kichupa natafuta CI 77491, 77492 na 77499, nyekundu, njano na nyeusi, hizo ndo oksaidi zenyewe. Zikiwepo nanunua. Muuza duka ananiona kama mkaguzi wa serikali.

(Kuna dada kaniambia niache simu, eti mwanga wa simu ndo unaleta madoa. Mwanga wa simu ni kijimwanga tu ukilinganisha na jua la saa sita Temeke. Na simu ndo kazi yangu, niiache niende wapi.)

Mei 5

Nimegundua kitu kikubwa na hakijanigharimu hata mia.

Nilikuwa najiuliza mbona nakaa kivulini siku nzima na bado doa linakolea. Meza yangu ipo chini ya mwavuli mkubwa, niliununua mwenyewe Kariakoo, wa bluu. Juzi saa sita mchana, hakuna mteja, nimeinua mkono kuangalia saa. Mkono ni wa bluu. Yaani kiganja chote kina rangi ya bluu, karatasi nyeupe mezani bluu, noti za elfu kumi zimebadilika rangi. Nikatoa mkono nje ya kivuli ukarudi wa kwangu, nikaurudisha ndani bluu. Kitambaa kimechakaa kimekuwa chepesi kama chandarua, mwanga unapita wote na kile kinachochujwa ndani ni ileile bluu niliyoambiwa ndo adui. Miaka minne nakaa ndani ya taa ya bluu naita kivuli!

Jioni hiyohiyo nimechana baibui langu la zamani nikalishonea kwa ndani ya mwavuli. Na ubao wa bei uliopakwa rangi nyeupe ya kung'aa niliousimamisha mbele yangu, unaurudisha mwanga usoni kutokea chini, nimeugeuza. Meza nimeivuta hatua mbili nyuma kwenye ukuta. Leo nimejaribu tena saa sita, mkono ni wa rangi ya mkono.

Wateja wanauliza wakala umefiwa. Nawaambia nimefiwa na doa, bado halijazikwa.

Joto chini ya hicho kitu lakini jamani.

Mei 8

Kliniki ya pili. Dokta alipenda habari ya mwavuli kuliko alivyopenda nailoni zangu. Kanipa krimu ya asidi ya azelaiki asilimia 20, mara mbili kwa siku, safu nyembamba, elfu arobaini na mbili tyubu ya gramu 30. Nilimuuliza kwa nini hanipi ile dawa wengine wanayopewa hospitali, ile ya mchanganyiko ya usiku. Akasema ile ina haidrokwinoni. Kwa mtu mwenye melazma tupu inatumika, chini ya daktari, miezi michache na inaachwa, na inafanya kazi vizuri tu. Kwangu mimi mwenye mbegu za mchicha ni kumwaga mafuta ya taa motoni. Nikauliza vidonge je, traneksamiki, vile vya kuzuia damu kutoka, nilisikia vinatumika na kwa madoa. Akaniuliza maswali kumi ya damu kuganda kwenye familia, na unatumia uzazi wa mpango gani? Vidonge vya homoni. Akaweka kalamu chini. Basi hivyo vya damu tusubiri, na hivyo vya uzazi nenda kaongee na nesi wa uzazi wa mpango, usiache tu ghafla ukaniletea mimba. Nimeenda, nimewekewa kitanzi cha shaba, hakina homoni.

Kwa hiyo kuanzia hapa mradi wangu kisayansi umeharibika. Nimebadilisha krimu, uzazi wa mpango na mwavuli ndani ya wiki moja, sheria ya tatu imevunjika vipande. Sijali sana, nataka uso kuliko nataka sayansi, ila naandika ili nisije kumsifia mmoja peke yake.

Juni 2

Azelaiki inawasha dakika kumi za kwanza kama siafu wanatembea. Wiki ya kwanza nilitaka kuitupa. Sasa imepoa. Vibox 50 na 46. Chunusi za kidevu zimeondoka zote, hiyo bonasi sikuiomba.

Juni 23

Hii siyo ya uso wangu ila naiweka humu.

Mdogo wangu kaja kukaa wiki mbili. Nimemfuma bafuni anasugua shingo kwa limao na sukari na lile dodoki gumu la kusugulia sufuria. Shingo yake nyuma ni nyeusi, imenenepa kama velveti, imejikunja mistari, na kwapani vilevile. Miaka yote nyumbani tulimwambia huogi vizuri. Mimi mwenyewe nimemwambia, mara nyingi, mbele za watu.

Nilimpigia picha nikamuonesha dokta. Hakusema krimu hata moja. Alisema huyo kapime sukari. Shingo ya hivyo mara nyingi ni mwili unatengeneza insulini, ile homoni ya kushusha sukari, nyingi kwa sababu ile iliyopo haifanyi kazi vizuri, na hiyo insulini iliyozidi ndo inaikuza ngozi. Ukisugua unaongeza weusi tu maana ngozi ikiumizwa inajibu kwa rangi. Tumeenda zahanati asubuhi kabla hajala. Sukari ipo juu ya kawaida, haijawa kisukari bado, wamemuita arudie. Ameambiwa apunguze uzito na soda, kutembea kila siku.

Nimemuomba radhi kwa yale maneno ya kuoga. Akasema dada we sema tu chai ipo wapi. Dodoki nimelirudisha jikoni.

Julai 28

Kipupwe, jua la upole, upepo. Vibox kushoto 45, kulia 41. Ila namba hazisemi vizuri safari hii. Doa halijapungua upana sana, limepauka. Kuchora ukingo kumekuwa kazi, natafuta mstari kwa nailoni nasogeza nasogeza. Nimeongeza safu mpya kwenye daftari, "ukoleaji", 1 mpaka 5, nalinganisha na ngozi ya chini ya taya. Mwezi wa tatu ningejipa 5. Leo 3.

Mbegu za mchicha juu ya mfupa hazijasogea hata moja. Dokta alishaniambia hizo huwa zinabaki miaka, wengine hazitoki, leza inajaribiwa ila kwa rangi yetu yenyewe inaweza kuacha doa jingine. Kazi pale ni kutoziongeza tu.

Agosti 18

Gharama mpaka leo, nimekaa nikajumlisha maana niliahidi risiti: kliniki mara tatu tisini elfu, kipimo cha mkojo kumi, azelaiki tyubu tatu laki na ishirini na sita, sanskrini chupa sita laki mbili na ishirini na nane, fandesheni mbili hamsini. Laki tano na elfu nne. Nimeduwaa. Halafu nikajumlisha nilichokumbuka cha kopo, sabuni, seramu na mkorogo wa harusi kwa miaka yote nikaacha njiani kabla sijafika mwisho, sikutaka kuiona ile namba.

Kilichofanya kazi kubwa kuliko vyote kwa pesa yake ni baibui. Ningeanza upya leo ningeanza na mwavuli na kofia pana, afu ndo dukani.

Septemba 8

Wifi kaja kibandani. Kakaa kwenye kiti cha mteja, katoa salio, hajaondoka. Nikasema wifi kuna nini. Akavua mtandio kidogo. Kwenye mfupa wa shavu, kijivu. Anapaka kuliko wateja wake wote, kumbe. Nimemuonesha picha ya lenzi kwenye simu yangu, hakusema kitu muda mrefu, akauliza yule dokta wako ni bei gani na foleni ikoje. Nimemwambia aende Jumatano mapema, asipake chochote asubuhi, abebe na kopo. Akasema kopo lipi, ninayo ndoo.

Tunaenda wote Jumatano.

Septemba 29

Jumapili, saa kumi, mlangoni. Jua linaanza kurudi kichwani, mwezi wa kumi hapa Dar mchana linasimama utosini kabisa, kwa hiyo mtihani wenyewe ndo unaanza. Nimemwambia binti yangu wa darasa la nne achore yeye, mkono wangu umeshazoea kulijua doa unachora hata lisipokuwepo. Kanilaza kichwa mapajani, kaweka nailoni, kashika wanja, kanyamaza sana.

Kushoto kachora vibox 29 kwa mstari mzima. Pembeni kaweka vingine 9 kwa vidoti, nikamuuliza hivi vya nini. Akasema, mama hapa sijui kama ni doa au ni wewe tu. Kulia 27 na vidoti 6. Ukoleaji 2. Juu ya mfupa katia alama zake mwenyewe, vijidoti vidogo vidogo, kavihesabu kwa sauti mpaka 14 akachoka.

Nimebandika nailoni kwenye daftari. Tyubu ya azelaiki imebaki ya siku nne, kesho nikifunga hesabu napitia dukani.